Mnyapara Aliyeitika Stratford

Siku ile ukumbini tulikuwa watu kama arobaini, na wote wapo hai, wanaenda kazini, wanalipa kodi za nyumba. Ukitaka kunibishia, anza na wao. Mimi nitakueleza nilichokiona na nilichokisikia, sitaongeza chumvi, maana kisa chenyewe kina chumvi ya kunitosha. Mke wangu hapendi nikisimulie. Anasema jambo ukilitaja unalikaribisha. Lakini nimekaa nalo muda mrefu, na naona nikinyamaza kuna mwenzangu mahali fulani atafanya kosa lilelile nililofanya mimi.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Nimeishi London miaka ishirini na tatu, na tunakaa Thornton Heath, flati ya juu ya duka la mazulia, mimi na Mama Rehema. Rehema mwenyewe ameshaolewa, ana kwake. Kazi yangu ni ya udobi hospitalini: mashuka, taulo, magauni ya wagonjwa. Naingia alfajiri na saa nane mchana nimeshatoka. Sasa mtu anayetoka kazini saa nane lazima awe na kitu cha kufanya, la sivyo atalala kila mchana na siku moja ataamka mzee.

Mimi kitu changu kilikuwa nishani za kijeshi za Waingereza.

Kilianza kama mchezo. Jumapili moja nilikuwa kwenye soko la vitu chakavu, wale wanaotandaza bidhaa nyuma ya magari yao, nikaokota kisahani cha fedha chenye kichwa cha mfalme. Nikadhani ni sarafu kubwa. Mama aliyekuwa anauza akaniambia nisome ukingoni. Kumbe Waingereza, katika vita vya kwanza vya dunia, walikuwa wanachonga jina la mtu kwenye ukingo wa nishani yake: namba, cheo, jina, kikosi, kwa herufi ndogo ambazo lazima uziinamishe kwenye mwanga. Ile ilikuwa ya fundi viatu wa jeshi. Nikaenda maktaba kumtafuta, nikampata. Alirudi salama, akafungua duka mitaa miwili tu kutoka ninapoishi mimi, akafa ameacha wajukuu tisa. Nikaenda kusimama mbele ya jengo lililokuwa duka lake. Sasa hivi wanauza kuku wa kukaanga. Nishani yake iko mfukoni mwangu, na mimi nimesimama pale kama mtu aliyetumwa salamu akazifikisha. Sijui nikuelezeje ile furaha.

Basi nikanogewa. Ndani ya miaka sita nilikuwa na nishani thelathini na moja na daftari nene la visa vya wenyewe. Kulikuwa na nesi aliyezama na meli, barua yake ya mwisho ilikuwa inamkumbusha dada yake kumlisha paka. Kulikuwa na mpishi aliyepewa nishani ya ushujaa kwa kupeleka sufuria ya supu mstari wa mbele huku risasi zinapita, akafika na supu yote. Visa vya namna hiyo. Mama Rehema alikuwa akiniangalia ninavyozipangusa, akaniambia siku moja, kwa upole kabisa, "Baba Rehema, unajaza maiti ndani ya nyumba." Nilicheka.

Kila mwezi wauza nishani hukutana kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na Edgware Road. Nilikuwa nakwenda, halafu nikitoka nakunywa kahawa kwa Waarabu pale. Kati ya wauzaji kulikuwa na mzee mmoja wa Kiingereza ambaye jina lake sikuwahi kulijua. Alikuwa anavaa kioo cha kukuzia shingoni kwa kamba, nami nikimwita Mzee wa Kioo. Alijua natokea Tanganyika, yeye aliita hivyo, basi kitu chochote cha upande wetu alikuwa ananiwekea. Siku hiyo akanisukumia nishani moja ya fedha, utepe wake umefifia kwa umri, rangi ya chungwa katikati na buluu pembeni. Akasema ilitoka kwenye sanduku la afisa mmoja aliyefia Kent, ilikuwa imefungwa kwenye bahasha haijawahi kuvaliwa.

Nikaigeuza kwenye mwanga. Namba. Kisha neno la Kiingereza la mnyapara, yule msimamizi wa wapagazi. Kisha jina.

Jina lilikuwa langu.

Nielewe vizuri. Sisemi jina linalofanana na langu. Nasema langu, la kwanza na la ukoo, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye pasipoti. Jina hilo nilirithishwa kwa babu mzaa baba, lote zima. Hapa sitaliandika, utanisamehe. Nilijua babu alichukuliwa na vita ile kubeba mizigo ya Waingereza, kama walivyochukuliwa maelfu; hata Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa wapagazi hao. Nilijua pia kwamba vita ilipokwisha aliingia Kondoa na blanketi moja na kibati chenye namba shingoni, akajenga nyumba, akaoa. Hakuwa na ndugu na hakusema ametoka wapi. Akafa, na mwaka uliofuata nikazaliwa mimi.

Nishani ya babu yangu, London, mkononi mwangu. Nikatoa pesa bila kuuliza bei, mpaka Mzee wa Kioo akaniuliza kama naumwa.

Nikamtafuta kwenye nyaraka kama nilivyowatafuta wengine. Nilipata mstari mmoja tu: namba, jina, na pembeni maneno kwamba nishani haikuchukuliwa na mwenyewe. Hilo lilinishangaza kidogo. Mtu amebeba mizigo ya watu miaka miwili, anaitwa akachukue nishani yake, haendi?

Nikampigia mama. Mama yangu ana zaidi ya miaka themanini, anakaa kwenye nyumba hiyohiyo aliyoijenga babu, pamoja na Mwasiti, binti wa marehemu mdogo wangu. Mama aliolewa pale babu akiwa hai, akamhudumia mpaka mwisho. Nilimweleza habari kwa shangwe. Hakunipa pongezi. Kisha akasema, "Iache hapo ulipoikuta." Nikauliza kwa nini. Akasema mkwe wake hakupenda habari za vita, halafu akaniuliza kama baridi imepungua.

Ningemsikiliza. Lakini nilikuwa kama mlevi.

Daftari langu lilikuwa na kanuni moja: nisiandike nisichokijua. Kwa babu niliivunja. Mahali nyaraka ziliponyamaza nilijaza mimi. Nikaandika alivyovuka Rufiji imefurika, mzigo kichwani, maji kifuani. Nikaandika alivyougua tumbo akapona. Nikaandika alivyotembea kwa miguu mpaka Kondoa akaiona nchi yake, na machozi yakamtoka. Kurasa nne. Nzuri kweli, niamini.

Stratford kuna kikundi chetu cha watu wanaozungumza Kiswahili, Watanzania, Wakenya, na Wakongomani wachache, tunakutana Jumamosi moja moja kwenye ukumbi wa kukodi. Waliposikia habari ya nishani wakaniomba nizungumze. Ilikuwa Novemba, wakati ambao Waingereza wanavaa yale maua mekundu ya karatasi kuwakumbuka wafu wao wa vita. Desturi yao ni kwamba mwenye nishani huivaa kifua cha kushoto, na mrithi huivaa kulia. Nikaivaa kulia. Saa tisa alasiri, taa zote zinawaka, sambusa za Mama Rehema ziko mezani, watoto wako nyuma na simu zao wanaongea Kiingereza chao.

Nikasoma kurasa zangu nne. Watu walitulia. Mama mmoja wa Mombasa alifuta macho. Nilipomaliza nikaona nifanye kitu cha kukumbukwa: nikaivua nishani, nikaiinua juu, nikaita lile jina kwa sauti kubwa, kama mnyapara anavyoita watu wake asubuhi.

"Naam."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na makoti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya mtu aliyeitwa aje kula.

Watu walicheka, wakidhani ni mzaha tuliopanga, wakageuka. Kicheko kikafa kimoja kimoja. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mwembamba, amevaa koti refu la jeshi ambalo si saizi yake. Pindo la koti lilikuwa linadondosha maji, na siku ile mvua haikunyesha. Shingo yake ilikuwa imezama kati ya mabega. Mkono wa kulia alikuwa ameuinua usawa wa sikio, ameuacha hapo, kama mtu anayeshikilia mzigo kichwani. Lakini kichwani hapakuwa na kitu. Mama Rehema anasema alisikia harufu ya tope. Mimi nilikuwa mbali, sikusikia harufu.

Mwenyekiti wetu, mtu mkarimu, akamkaribisha apate chakula. Yule kijana akaniangalia mimi, akatoka nje.

Nilimfuata. Umeshaanza kuniuliza kwa nini. Nilidhani ni ndugu. Nilidhani labda ni mtu wa Kondoa mwenye jina kama langu. Na kusema kweli, nilitaka kujua nani ameniharibia hotuba.

Nje ilikuwa bado haijafika saa kumi na moja na giza limeshaingia, kama ilivyo huku wakati wa baridi. Watu walikuwa wanatoka kituo cha treni na mifuko ya maduka. Yeye amesimama karibu na ukuta wa kituo cha basi, mkono uleule juu. Na wale watu walikuwa wanafika kwake wanagawanyika, wengine kulia, wengine kushoto, kama wanavyokwepa nguzo, bila hata mmoja kumtazama.

"Umeniita," akasema.

Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha wazee, kimekaa vibaya kwenye mdomo wa kijana. Nikamwambia sikumwita yeye, nimemwita babu yangu, na babu yangu amekufa zamani.

"Nani alikwambia nilirudi?"

Nikaanza kumjibu. Mpaka leo sijui ulimi wangu ulikuwa na nini. Nilimwambia alirudi, tunalo kaburi lake, tunayo nyumba aliyoijenga. Akaniuliza nyumba ikoje. Nikamwambia. Akauliza iko upande gani wa mto, na mtu akishuka stendi anapita wapi. Nikamwelekeza. Akauliza nani anakaa humo sasa. Nikasema mama yangu na binti wa marehemu mdogo wangu. Kila jibu alilipokea kwa kutikisa kichwa polepole, kwa uangalifu, asije akaangusha kile alichobeba. Nilikuwa namtajia kila kitu kama mtoto anayetaja mashairi ya shule.

Kisha akanieleza yake. Alisema aliugua tumbo wakati wa mvua, njiani kwenda mto mkubwa, akatua mzigo pembeni mwa njia akalala hapo. Nyuma yake alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuwa na namba. Alikuwa mpagazi wa Wajerumani, amewatoroka, amejichanganya na wapagazi wa Waingereza, anaogopa kukamatwa. Mtu huyo akakaa naye wenzao walipopita.

"Alinipepea nzi siku nzima," akasema. "Nikadhani ananihurumia. Alikuwa anangoja. Akakata kamba ya kibati changu, na mimi nilikuwa sijamaliza kufa."

Akaendelea kwa sauti ileile.

"Asubuhi waliita majina. Nikasikia naitwa. Nikasikia mtu mwingine anaitika. Tangu hapo sijaitwa tena mpaka leo, ulivyoniita wewe."

Nilimnyooshea ile nishani. Nilitaka aichukue aende zake. Aliitazama kama unavyotazama kitu cha mtu mwingine. Akasema hiyo ni ya mfalme, yeye anataka jina. Nikamuuliza jina linarudishwaje. Akanisogelea, na hapo nikaona shingoni pake mstari mwembamba wa kamba, mbichi, unatoka damu.

"Likiitwa, usiitike."

Basi la kwenda Thornton Heath halipo pale, lazima upande treni. Sikumbuki nilipandaje. Mama Rehema anasema alinikuta nimekaa kwenye kiti cha kituo kilekile cha basi, nishani mkononi, nimeibana mpaka ukingo umeacha alama kwenye kiganja.

Sasa wewe ungefanyaje? Mimi nilijiambia ni mwendawazimu, London haina uhaba wao. Siku kumi zikapita salama.

Siku ya kumi na moja nilikuwa na miadi kliniki ya mtaani kwetu, kupima sukari. Nimekaa kwenye benchi na watu wengine sita. Nesi akafungua mlango akaita jina langu. Nikaanza kuinuka, magoti yangu si ya kijana tena. Kabla sijasimama wima, mtu aliyekaa nafasi mbili mbele yangu akasema "Naam," akainuka, akaingia. Nilimwona mgongo tu. Koti lilelile. Lakini safari hii alikuwa na nywele zenye mvi, na alitembea akichechemea mguu wa kushoto. Mimi ndiye ninayechechemea mguu wa kushoto.

Nilikwenda kulalamika kwa yule nesi. Akaangalia karatasi zake, akanitazama, akasema kwa heshima kwamba huyo mgonjwa ameshaonwa, vipimo vyake ni vizuri, sukari yake imeshuka sana. Akaniuliza mimi ni nani.

Nilirudi nyumbani nikampigia mama. Sikumsalimia hata vizuri. Nikamwambia kila kitu, na safari hii hakukwepa. Alisema mkwe wake ukimwita mara moja hakuitika. Ilibidi umwite mara mbili, siku nyingine mara tatu, ndipo ashtuke. Watoto walidhani ni kiziwi. Siku zake za mwisho aliwakusanya akawaambia asipewe mtoto yeyote jina lake, kwa sababu ni la kuazima na mwenyewe atalifuata. Wakaona ni homa inasema. Nilipozaliwa mimi, baba yangu, kwa kumpenda baba yake, akanipa lile jina. Mama alikataa, akazidiwa.

"Nilipokuwa nakunyonyesha nilikuwa siliiti," mama akasema. "Nilikuwa nakuita baba tu."

Tulifanya tulichoweza. Tulimwita maalimu mmoja, tukasoma hitma nyumbani kwetu, tukamswalia mtu yule sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, kwa jina lake, kwa sababu hakuna aliyemzika. Maalimu alipolitaja jina kwenye dua nilijibana midomo kwa mkono. Nikaenda kwa wakili nikaapa kiapo cha kubadili jina. Siku hizi kazini, benki, kwenye pasipoti, naitwa jina jingine. Mkusanyo wangu wote niligawa. Ile nishani nilimrudishia Mzee wa Kioo bure. Akaipeleka kwenye jicho lake, akaizungusha, akaizungusha tena. Akaniuliza kwa huzuni kwa nini nimefuta jina, maana nishani isiyo na jina ukingoni haina kisa na hakuna anayeitaka. Nikaitazama kwa kioo chake. Namba ipo, cheo kipo, kikosi kipo. Katikati fedha ni laini kama kijiko. Naapa sikuigusa kwa chochote isipokuwa kitambaa.

Nikafikiri basi, ameshalichukua, yamekwisha. Tukapumua. Miezi mitano hivi.

Ijumaa moja nikampigia mama kama kawaida. Akacheka. Akasema mbona napiga tena, si tumezungumza asubuhi. Sikuwa nimempigia asubuhi. Akasema nimemwambia nitakuja kabla mvua hazijakwisha, na yeye ameshamtuma Mwasiti atoe magunia kwenye chumba cha babu. Nikaona ni uzee, kichwa kimeanza kuchoka. Nikamuuliza Mwasiti. Akasema ni kweli bibi huongea na mimi kila asubuhi kwenye simu yake ndogo ya kitochi, husikia anavyoniita kwa jina na anavyocheka. Nikamwambia Mwasiti jina langu nimebadilisha. Akasema ndiyo, bibi aliambiwa, lakini hawezi kulishika jina geni.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kazini, kwenye korido ya chumba cha kufulia, nasukuma toroli la mashuka. Nikaona nipige simu ya Mwasiti kabla ya kuanza mzigo mwingine. Mwasiti akapokea akicheka.

"Baba mkubwa, sasa unapiga simu kutoka chumbani?"

Nikaachia toroli. Nikamuuliza anasema nini. Akasema si nimefika jana jioni, kwa miguu kutoka stendi, bila begi, na bibi akatoka mwenyewe mpaka nje kunipokea, yeye ambaye hatembei bila kushikwa. Nimekula, nimelala chumba cha babu. Mwasiti hakumbuki kuniona uso kwa uso. Safari yangu ya mwisho nyumbani alikuwa mchanga. Ananijua kwa picha na sauti. Nikamuuliza huyo mtu yukoje. Akasema ni mimi, nimekonda tu.

Nikamwomba anitumie picha. Wakati anahangaika na simu nikamsikia mama, kwa mbali, uani, anaita lile jina. Mara moja tu.

Na nikasikia, "Naam, mama."

Mwasiti akarudi kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyeanza kuogopa. Akaniuliza, "Kwani wewe ni nani?"

Nilifungua mdomo. Jina la zamani sikuthubutu. Jipya kwake si la mtu yeyote. Simu ikakatika, au aliikata.

Shemeji yangu, kaka wa Mama Rehema, anaishi Dodoma. Nilimtuma akaangalie. Alinipigia akiwa kwenye basi la kurudi. Alisema mama ni mzima, ananenepa, paa lililokuwa linavuja limetengenezwa, na wewe mwenyewe, akasema, wewe mwenyewe umenisindikiza mpaka stendi. Kisha akaniuliza nimesema nini, kama mtu anayesikiliza sauti yangu kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Mwasiti naye amezuia namba yangu. Tiketi ya kwenda nilikata mara moja, nikaenda mpaka uwanja wa ndege, nikarudi. Niingie kwenye ile nyumba niseme mimi ni nani? Na yule akinitazama, aseme nini?

Lililonitisha zaidi ni hili, na sijawahi kumwambia Mama Rehema. Sioni kama anamdhuru mama. Naona anampenda. Amefika alikokuwa anasubiriwa mtu.

Picha niliyomwomba Mwasiti ilifika siku ile ile, nikiwa bado kwenye korido. Ipo kwenye simu yangu mpaka sasa. Sijaifungua.

Kwa hiyo, wewe unayekusanya vitu vya wafu, iwe nishani, iwe pete, iwe vyeti vya wazee, sikuzuii. Soma jina kwa macho. Usilitamke mpaka umejua kwa hakika kama mwenyewe alifika kwao. Na usimjazie mtu kisa ambacho hakukiishi, kwa sababu kuna mahali anakisikiliza. Na wewe uliye mbali na nyumbani, mpigie mama yako leo. Muulize lini mmezungumza mara ya mwisho. Kisha nyamaza kidogo, usikilize akikuita nani anaitika.